Moja Hadi Nane

Kamera ile niliifunga mimi.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Nkrumah,
ofisi ya wakala wa forodha,
mwezi wa Ramadhani, jua la saa tisa,
juu ya ngazi ya kuazima yenye mguu mmoja mlegevu.
Nikatoboa ukuta, nikapitisha waya, nikaiwasha.
Ikauliza neno la siri.
Nikaiachia lile la kiwandani:
moja hadi nane,
kama mtoto anayejifunza kuhesabu.
Nikasema nitarudi.
Nilikuwa na kazi nyingine Tabata
na kiu ilikuwa imenikaba koo.

Mkurugenzi alifurahi.
Alikaa kwake Kigamboni, simu kiganjani,
akamwona karani akipiga miayo.
Akanunua na vingine:
birika linalochemka kwa amri ya simu,
kiyoyozi kinachojua kuwa bosi amekwama kwenye foleni,
printa inayokumbuka kila ilichowahi kuchapa.
Vyote nikaviunga kwenye mtandao mmoja,
ule ule wa kompyuta ya malipo.
Wageni na wenyeji, mkeka mmoja, shuka moja.

Chini, getini, alikaa Nangale.
Miaka kumi na tisa ya rungu na tochi.
Kufuli tano, kila moja akiivuta mara mbili,
kisha anaandika daftarini kwa herufi zilizolala:
*Saa 8 usiku. Shwari.*
Na hakudanganya.
Aliyeingia hakuwa na nyayo.

Bi Somoe, mpika chai, aliniambia mapema.
"Fundi, hicho kijicho chako kinageuka.
Nikifagia kulia kinanifuata, kushoto kinanifuata.
Bosi yuko China, huko saa hizi watu wamelala.
Sasa nani ananitazama?"
Nikacheka. Mashine hiyo, bibi,
ikiona kitu kinajongea inageuka yenyewe.
Hakunijibu.
Tangu siku hiyo, kabla ya kuhesabu hela ya kikoba,
akawa anaitundikia kanga.
Nikaisimulia kijiweni, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Kanga ile, leo naijua,
ndiyo kufuli pekee iliyokuwa imefungwa.

Barua ya malipo ilitoka siku ya Alhamisi.
Nembo ni yetu, sahihi ni ya mkurugenzi,
mpaka ule mkia anaouvuta mwishoni.
Namba ya akaunti tu ndiyo ilikuwa ya mwingine.
Milioni arobaini na mbili,
ushuru wa matrekta ya mteja wa Kahama,
zilikuwa zimeshayeyuka kabla ya adhana ya Magharibi.

Polisi walikuja, wakakagua kufuli.
Zote nzima.
Basi wakamchukua mwenye funguo.
Usiku wa nne akatoka
na viatu visivyo na kamba,
na kazi hana.
Akaniuliza, mimi nisiye polisi wala bosi,
"Hivi, mwanangu, mtu anapitaje kufuli tano bila kuzigusa?"
Nikatazama viatu.

Jana nilirudi, kama nilivyosema nitarudi.
Nikafungua kumbukumbu za ile kamera
nikazisoma kuanzia chini kwenda juu.
Mgeni alianza kuingia Mfungo Mosi,
sikukuu haijaisha vizuri.
Kila usiku, saa nane kasoro.
Hakuvunja kitu. Alibisha,
akaulizwa neno,
akalitaja langu.

Nimeshalibadilisha. Jipya ni refu, lina alama za ajabu,
lilinichukua chini ya dakika moja.
Dakika moja!

Daftari la Nangale bado liko getini,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Mlinzi mpya alikuwa amesinzia.
Nikatafuta ukurasa wa Alhamisi ile,
na chini ya *Shwari* nikaandika:
Mlango ulikuwa wazi. Si wake yeye.
Kuna mahali pa jina na sahihi.
Nimepaacha
peupe,
nikasema nitarudi.